Kirepwe Si Kisiwa Kitupu

Kuna maneno manne nimekataa kuyaandika kwenye kapsheni, na kukataa huko kumenigharimu nusu ya malipo yangu. Maneno yenyewe ni haya: kisiwa kisicho na watu.

Najua wengi mmekuwa mkingoja klipu za Kirepwe. Niliwaonjesha picha moja tu ya machweo, halafu nikanyamaza wiki mbili kama mtu aliyemezwa na pweza. Basi leo naeleza. Jina la kampuni sitalitaja, na msijaribu kulikisia, manake si hiyo moja tu inayofanya hivi. Ukitazama matangazo ya mapumziko ya Pwani kwa dakika kumi utaona mchezo ni uleule.

Mpango ulikuwa mtamu. Kampuni ya matangazo ilikuwa inatafuta vijana wa huku kwetu wenye wafuasi kidogo. Unapewa siku tatu usiku mbili kwenye banda la ofu-gridi, bure kabisa, wewe na mtu mmoja. Unatoa klipu tatu. Nusu ya pesa mwanzo, nusu ukimaliza. Nusu hiyo ya pili ilikuwa inanilipia kodi ya nyumba miezi miwili, kwa hivyo msidhani naongea kama mtu asiye na shida.

Halafu wakanituma mwongozo wa kurasa mbili. Vaa nguo za rangi ya mchanga. Usitaje siasa. Onyesha ndege. Sema "bila stima, bila kelele, bila mtu". Na chini kabisa, kwa herufi nzito: wenyeji wasionekane kwenye fremu.

Nilicheka peke yangu. Mimi nimezaliwa Malindi, nimelelewa Kilifi, nyanya yangu yuko Bamba. Sasa mimi kwenye hiyo fremu ni nani? Nikavaa nguo ya rangi ya mchanga nikaenda.

Kwa wasiojua: ukitoka Kilifi kuelekea Malindi, kabla hujafika Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa mkono wako wa kushoto na Mida iko mkono wa kulia. Unashuka steji ya Mida, unafuata njia ya vumbi, na ghafla miti inaachia unaona maji. Si ziwa, ingawa maji yakijaa na upepo ukitulia utaapa ni ziwa. Ni mkono wa bahari, karibu kilomita 32 za mraba ukihesabu na mikoko yake. Hakuna mto unaoingia humo. Bahari yenyewe ndiyo inapita kwenye mlango mwembamba kule upande wa Watamu, inajitandaza kati ya mikoko, halafu inarudi ilikotoka. Mara mbili kwa siku, kila siku, tangu zamani za kale. Na ndani ya maji hayo kuna kisiwa kinaitwa Kirepwe.

Sasa, jambo la kwanza utakalojifunza ni kwamba saa yako haina kazi. Nilikuwa nimepanga kufika saa nane mchana. Kijana wa boti akaniangalia, akaangalia maji, akasema, "Saa nane hapa kutakuwa matope, bro. Utabeba boti wewe?" Tukakaa chini ya mti mpaka maji yapande. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, bahari huku kwetu inapanda na kushuka karibu mita 4. Hiyo ni nyumba ya ghorofa moja. Mahali uliposimama asubuhi ukipiga selfi, jioni pana samaki. Na ratiba hiyo haikai pamoja, kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo aliyekuambia "boti inaondoka saa tatu kila siku" hajui anachosema.

Nilienda na binamu yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kushika simu na kulalamika. Tulibeba pawabenki mbili, mchele, nazi, nyanya, mitungi miwili ya maji ya lita 20, na dawa ya mbu ambayo haikutusaidia chochote, manake tatizo si mbu. Tatizo ni usubi. Usubi ni kadudu kadogo hata hukaoni, lakini jioni upepo ukikata utajua jina lake. Paka mafuta ya nazi miguuni, mengi. Hiyo ni siri ya bure, hakuna tangazo litakaloitaja.

Banda ni zuri, tuseme ukweli. Makuti juu, boriti za mikoko, ukuta wa udongo mpaka kifuani na juu yake pako wazi, chandarua, kitanda cha kamba. Taa moja ya sola. Choo ni cha majivu, ukimaliza unamwaga kopo moja, na hakinuki hata kidogo. Kuoga ni kopo na karai. Maji ya kunywa na kupikia yanakuja kwa boti, kwa hivyo mtungi mmoja ni wa siku nzima, nyinyi wawili. Ukitaka kujua unapoteza maji kiasi gani nyumbani, kaa mahali ambapo kila lita imebebwa na bega la mtu.

Na hapa naomba nitoe dukuduku kuhusu hili neno ofu-gridi. Nyanya yangu Bamba alivutiwa stima nikiwa kidato cha pili. Kabla ya hapo tulisomea koroboi, tukachotea maji silanga, tukapikia kuni. Tulikuwa ofu-gridi miaka yote hiyo na hakuna aliyekuja kutupiga picha. Sasa ukiweka kitanda cha kamba na taa ya sola, bei inapanda. Sina kinyongo na hilo, watu wa mjini wanahitaji kupumzika na mtu wa kisiwani anahitaji pesa. Mimi mwenyewe siku ya pili, simu ikiwa imekufa, nililala mchana usingizi ambao sijaulala tangu shule ya msingi. Lakini kuna tofauti kati ya kumuuzia mtu utulivu na kumuuzia utupu, na hapo ndipo mimi na kampuni tulipoachana njia.

Jioni ya kwanza nilikaa mbele ya banda nikarekodi keremkerem. Hawa ni ndege wekundu, wekundu wa kitenge kipya, wenye kichwa cha kijani-buluu. Wanakuja huku miezi ile ya kaskazi na wanalala kwenye mikoko. Jua likishuka wanaanza kufika makundi kwa makundi, wanazunguka, wanatua, wanainuka tena wote pamoja kana kwamba mtu amewaita. Binamu yangu, anayelalamika kila kitu, alinyamaza robo saa. Nilipata klipu nzuri kuliko zote nilizowahi kurekodi, na hakuna mtu kwenye fremu, kampuni ingefurahi.

Halafu ikafika asubuhi.

Mwongozo ulisema nirekodi alfajiri "kabla wenyeji hawajaamka". Nikaamka saa kumi na moja na nusu, giza bado, nikatoka na taa. Maji yalikuwa bado hayajajaa. Na nje kule kwenye matope, mbali, nikaona vijitaa vitatu vinasogea. Wenyeji walikuwa wameamka kitambo. Aliyeandika mwongozo ule alidhani watu wa kisiwani wanaamka kwa saa ya ukutani, hajui wanaamkia maji. Maji yakipwa saa kumi usiku, saa kumi wako nje.

Walikuwa wanawake watatu na msichana mmoja, leso zimefungwa kiunoni, kisu mkononi, wanabandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Pembeni mzee mmoja alikuwa anachokoa shimo la kaa koko kwa fimbo yenye ndoano. Anaingiza, anasikiliza kwa mkono, anavuta taratibu. Shimo lisilo na kaa hakupoteza muda nalo, alikuwa anajua kwa kuangalia tu. Nikasalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Nikamwambia nataka kwenda kule kwenye kifuko cha mchanga nipige picha ndege.

Kwenye mchanga ule walikuwa wamesimama ndege mamia, weupe wenye mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kukunia. Hawa ndio wale wala-kaa maarufu wa Mida. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaona. Wenyewe wanazaliana kule Ghuba na pwani za Uarabuni na Somalia, wanachimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja tu, halafu wanakuja kwetu kula. Pamoja nao walikuwa vitwitwi wadogo wadogo, ambao wengine wanatoka Siberia. Siberia! Ndege wa uzito wa kiazi karai ametoka kwenye barafu akaja Mida kunenepa, ili mwezi wa nne arudi tena kule kuzaa.

Mama akanyoosha kisu, akasema, "Usipite hapo katikati. Pitia huku kando, polepole. Hao ndio kwanza wametua."

Yaani huyu ndiye niliyeambiwa nimtoe kwenye fremu.

Droni niliiacha nyumbani, na nilishukuru. Kwanza unahitaji vibali, na Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, si uwanja wa kuchezea. Pili, kila unapowarusha ndege hao wanapoteza nguvu walizokuja kuzitafuta. Ile klipu ya ndege elfu wanainuka kwa pamoja na muziki wa piano nyuma, mnayoipenda sana, mara nyingi ni klipu ya ndege waliotishwa. Nawaambia tu.

Nikazunguka kando, polepole, nyuma ya mama. Nikarekodi ndege, na mbele ya ndege kuna wanawake wameinama, na nyuma kuna mikoko na jua linatoka. Kabla sijabonyeza niliomba ruhusa. Mmoja alikataa, akasema hapendi mambo ya simu, na hayumo kwenye klipu. Mwingine akasema ngoja kwanza, akarudi nyumbani kubadilisha leso. Tulimngoja. Jua likapanda, mwanga mzuri ukapotea, lakini leso ile ilikuwa moto.

Banda lile, ili mjue, si la mzungu wala la tajiri wa Nairobi. Ni la familia ya hapohapo kisiwani. Mwenyeji wetu ni mzee wa makamo, mvuvi, aliyejenga banda kwa akiba yake kidogo kidogo. Alinionyesha kila mti kwenye paa. Hizi nyembamba ni fito, hizi pau, zinazofuata mazio, halafu boriti, na zile nene kabisa nguzo. Zinauzwa kwa korja, yaani 20. Ya mkandaa ndiyo inadumu, mchu ni wa kuni. Mimi ninayejiita mtu wa Pwani nilikuwa naita zote "miti".

Usiku wa pili nikamwonyesha ule mwongozo. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alinisomesha.

"Mwanangu," akasema, "wageni wananunua kimya. Mimi nauza kimya. Akitaka kuambiwa yuko peke yake, mwambie. Akifika atatuona, tutamkaribisha, atakula samaki, atasahau."

Nikamwambia, "Lakini mzee, si ni uongo?"

"Uongo wa biashara. Kwani hoteli za Watamu zinasema kuna usubi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na sitajifanya hapa kwamba hoja yake ni nyepesi. Ana watoto wanasoma, boti inahitaji matengenezo, na kampuni ndiyo inayomletea wageni. Mimi nina kodi ya miezi miwili, yeye ana maisha. Nikakaa kimya, tukala wali wa nazi na changu wa kupaka, nikaendelea kufikiria.

Ninachofikiria ni hiki. Mnapenda kunitumia klipu za Rubondo, kile kisiwa cha Tanzania ndani ya Ziwa Victoria. Kweli ni kizuri, na nikipata nauli nitaenda: msitu, nzohe, viboko, sokwe, na hakuna kijiji. Lakini mmewahi kujiuliza kwa nini hakuna kijiji? Watu walikuwepo. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi humo walihamishwa miaka ya 1960. Kati ya 1966 na 1969 wakaletwa sokwe kutoka Ulaya, waliokuwa wakifungiwa kule, wakaachiliwa msituni, pamoja na wanyama wengine ambao hawakuwepo kisiwani. Mwaka 1977 pakawa Hifadhi ya Taifa. Sisemi ilikuwa vibaya kuwaokoa wale sokwe. Nasema ule utupu tunaoupenda kwenye klipu ulitengenezwa. Mtu alitoka ili picha itulie.

Kisiwa kinaweza pia kutengenezwa na maji. Baringo mnajua habari ya twiga? Mwaka 2011 walipelekwa kwenye rasi ya Longicharo, ziwa likaendelea kupanda, rasi ikakatika ikawa kisiwa, na twiga wamefungiwa humo chakula kinaisha. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga 9 wakavushwa kwa chelezo. Dunia nzima ilitazama video ya twiga juu ya maji. Wachache walitazama ni nani waliokuwa wakiwalisha na kuwalinda miaka yote ile: Wapokot na Wailchamus, jamii mbili zilizokuwa na uhasama, zilizoanzisha ile hifadhi pamoja. Hao hawakuingia kwenye fremu vizuri. Twiga ni mrefu, najua, lakini bado.

Na sisi Kilifi hatuhitaji mfano wa mbali. Muulize mzee yeyote wa Kigiriama kuhusu ardhi, halafu tafuta kiti ukae. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hatimiliki katika ule ukanda wa maili 10 wa Pwani. Mwenye madai aje na ushahidi wake. Wamijikenda wengi ardhi yao ilikuwa ya ukoo, haina karatasi, na madai ya namna hiyo hayakuhesabika. Ardhi ambayo haikudaiwa kwa njia iliyotambuliwa ikawa ya Taji. Kwenye ramani ilionekana tupu. Watu wakawa maskwota walipozikwa babu zao, na mpaka leo tunabishana kwenye mahakama na kwenye baraza za chifu kuhusu mistari iliyochorwa na watu waliosema hawakuona mtu.

Kwa hivyo naposikia "kisiwa kisicho na watu", sisikii tangazo. Nasikia kitu ambacho siku moja kitamfaa mtu mwenye fedha na wakili. Njia ngapi za kwenda baharini mlizopita mkiwa watoto zina geti sasa? Mimi nazijua tatu. Kabla ya geti kulikuwa na mtu akipiga picha nzuri ya ufuo mweupe ambao hauna mvuvi hata mmoja.

Nilimwambia mzee hivyo hivyo usiku ule, kwa adabu. Nikasema, "Mzee, mimi nikiandika hakuna mtu, na watu elfu thelathini wakaona, siku ukiambiwa utoe karatasi utasema nini?" Akatafuna kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Karatasi sina. Kaburi la babangu liko pale nyuma ya mbuyu." Hakusema niandike wala nisiandike.

Sasa, msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema watu wa Mida ni malaika wa mazingira. Si kweli. Kuna wanaovua kwa chandarua na kuzoa samaki wadogo ambao hata sahani hawajazi. Kuna mikoko inakatwa usiku, na ukipita utaona visiki. Umaskini haukufanyi mtakatifu. Lakini ukihesabu kinachofanya Mida iendelee kuwa na ndege na kasa, utakuta watu kila mahali. Watamu kuna Local Ocean Conservation, walioanza 1997 kama Watamu Turtle Watch. Mvuvi akinasa kasa kwenye wavu anawapigia simu badala ya kumchinja, anapewa kitu kidogo kwa usumbufu, kasa anapimwa na kurudishwa majini. Bila mvuvi kupiga simu hakuna mradi. Pale Mida kuna ile njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko. Kiingilio chake, kupitia mpango wa A Rocha Kenya ulioanza 2001, kimelipia karo watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu na mkono huo wa bahari. Dabaso kuna kikundi cha wenyeji kinachotunza mikoko na kuuza sambusa za kaa juu ya majukwaa. Kama hujazila sambusa zile, samahani, hujaishi. Na ukishuka kusini mpaka Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni ya mikoko yao tangu 2013, na pesa zinanunua vitabu vya shule na maji ya bomba.

Hao wote ni "wenyeji wasionekane kwenye fremu".

Nilipotuma klipu, walizipenda mbili. Ya tatu, ile ya wanawake na ndege, wakaomba niikate upande wa kushoto. Ukiikata upande wa kushoto inabaki ndege na jua, inapendeza kweli, sitasema uongo. Nikawajibu kwamba siikati, na kapsheni itasema kisiwa cha Kirepwe, Mida, wanakoishi watu. Wakasema haiendani na hisia za chapa. Chapa ina hisia, jamani. Mama wa chaza hana. Tukajibizana siku nne, wakafunga mazungumzo, na nusu ya pili haikuingia mpaka leo. Walisema mkataba unawaruhusu, nikausoma, kweli unawaruhusu.

Mzee alinipigia wiki iliyopita. Hajafurahi sana, msidhani hii hadithi inaishia watu wakikumbatiana. Kampuni imeacha kumletea wageni na anaona mimi ndiye niliyepiga kelele. Akasema, "Basi niletee wewe hao wageni wanaopenda watu." Ni haki yake kusema hivyo. Ndiyo maana naandika.

Kwa hivyo: nendeni. Si lazima mlale, lakini mkiweza laleni. Nendeni kati ya Oktoba na Machi kama mnataka ndege. Angalia jedwali la maji kabla hujapanda matatu, uingie maji yakipanda. Beba maji yako, mafuta ya nazi, na pesa taslimu kidogo, manake M-Pesa inategemea netiweki na netiweki inategemea Mungu. Mlipe kijana wa boti mkononi mwake. Nunua samaki na chaza pale pale, usibebe soseji kutoka Malindi, tafadhali. Ukitaka kumpiga mtu picha muulize, akikataa ni hivyo. Ukitaka kimya kipo, tele, hasa saa sita mchana maji yakiwa yamekupwa na kila mtu amelala. Kitavunjwa na jogoo, na mtoto anayemwita mwenzake, na jioni na redio ya mtu inayosoma taarifa ya habari.

Nambari ya mzee siiweki hapa hadharani, niandikie faraghani nitakupa, amekubali. Ukipiga asishike usikate tamaa. Kisiwani simu yake inashika sehemu moja tu, pale nyuma ya mbuyu, na huko anaenda jioni.